Matumbawe Yaliyopauka

Watu wa Rhotia walikuwa wameshachoka kuuliza Cresensia anafanya kazi gani, kwa sababu jibu lake halikuwahi kumwingia mtu akilini. Binti wa Dorkasi, mzaliwa wa huku kwenye mahindi na maharage, amepanga chumba mjini Karatu, anashinda mbele ya kompyuta akitazama picha za chini ya bahari. Bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ziwa la magadi kule chini kwenye kreta ya Ngorongoro, siku waliyopelekwa na shule. "Anahesabu mawe," mama yake alikuwa akiwajibu majirani, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali la pili.

Hayakuwa mawe, lakini nani wa kubishana na Dorkasi. Yalikuwa matumbawe, viumbe hai vidogo vidogo vinavyojijengea nyumba ngumu kama chokaa, na humo samaki wakapata pa kujificha na kulelea watoto wao. Kazi hiyo Cresensia aliipata kwa jicho lake. Kwanza mradi mmoja wa wanyama ulimpa picha za kamera zilizofungwa msituni, kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, atenganishe fisi na nyati na vivuli vya miti, akawa hakosei. Sifa zikafika pwani kwa Dokta Eva, mtafiti wa matumbawe aliyekuwa na picha nyingi na watu wachache. Akampa miezi sita ya majaribio. Ikipita salama, mkataba wa miaka miwili. Makosa yakizidi picha moja kati ya kumi, kazi inakoma hapo hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kompyuta inatupa vitone ishirini juu ya kila picha, naye kila kitone anakipa jina. Tumbawe hai, tumbawe lililopauka, tumbawe lililokufa. Alikuwa akiifanya kwa kasi na kwa raha, hata akamwambia mama yake kwamba kama kazi zote zingekuwa hivi, hakuna mtu ambaye angezeeka.

Ijumaa moja, wiki moja kabla ya miezi sita kutimia, Hatibu alimpigia simu saa nne asubuhi. Hatibu ndiye mzamiaji aliyepiga picha hizo, mtu mzima wa kijiji cha wavuvi kusini mwa Tanga, na walijuana kwa sauti tu. Alimsalimia kwa kirefu, kama walivyo watu wa pwani, kisha akasema Dokta Eva amemsomea matokeo ya Fungu Refu, mwamba wa matumbawe wa kijiji chao, na saa nane mchana yatasomwa mbele ya kijiji kizima.

Cresensia aliyajua mambo ya Fungu Refu. Miaka mitatu nyuma kijiji kilikuwa kimefunga upande wake wa kusini, nyavu zisiguse, samaki wazaane. Mwaka huu maji yakapata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka rangi, na wenye nyavu wakadai pafunguliwe. Wakabishana wee, mwisho wakakubaliana: ikionekana zaidi ya nusu yamekufa, hakuna tena cha kulindwa, nyavu ziingie. Hesabu ya Cresensia ilisema sitini na moja kati ya mia yamekufa.

Hatibu hakugomba. Alisema tu kwamba alipozama yeye, mengi yalikuwa yamepauka, meupe pee, na mafu, yale ya kijivu yaliyoota manyoya ya mwani, yalikuwa machache. Maji nayo yameanza kupoa. Juzi ameona meupe mawili matatu yakirudisha rangi.

Ya kijivu ndiyo mafu? Cresensia alijiuliza. Neno kupauka alilijua tangu hajaanza shule. Kwao Rhotia, kiangazi kikishika na upepo ukavumisha vumbi, miguu ya watoto hupauka ikawa ya kijivu, na mama huita kwa ukali uje upakwe mafuta. Kwa hiyo tumbawe la kijivu lenye vumbivumbi, yeye aliliandika lililopauka. Na lile jeupe? Jeupe kama fuvu la nyumbu kule kreta, mtu atalisemaje kama si limekufa? Mwongozo ulikuwa na picha za mfano, akazipitia mara moja haraka haraka, kwa ujeuri wa mtu anayedhani lugha anaijua. Neno ujeuri si langu, ni lake mwenyewe. Ndivyo alivyokuja kusema.

Kumbe jeupe ndilo hai. Limepoteza rangi kwa joto, lakini mwili wake upo. La kijivu ndilo lililokufa. Alikuwa amepindua kila kitu, picha baada ya picha, miezi sita.

"Labda ni macho yangu, dada," Hatibu alisema. "Mimi niliishia darasa la nne. Wewe ndiye msomi. Kama picha zimesema yamekufa, basi yamekufa."

Cresensia akasema atampigia baadaye, akakata. Mzee wa watu alikuwa amejitwisha kosa lisilo lake, na hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa: kunyamaza tu. Wiki moja ipite. Mama yake alikuwa ameshatangaza huo mkataba wa miaka miwili mpaka kanisani. Alijichukia kwa jinsi wazo hilo lilivyokaa kichwani bila kuona haya, akaona kwamba likikaa dakika tano zaidi litashinda. Akampigia Dokta Eva kabla hazijaisha.

Alimweleza bila kujitetea. Dokta Eva aliuliza swali moja.

"Ni picha ngapi?"

"Zote, Dokta."

Dokta Eva alishusha pumzi. Akasema, kwa upole uliomuumiza Cresensia kuliko matusi, kwamba sharti la majaribio Cresensia analijua, na kwamba yeye hana uwezo wa kulilegeza. Leo hii hii atawaandikia wafadhili, na kazi yake imekwisha. Mkutano nao hauwezi kuahirishwa, umeshaahirishwa mara mbili na wenye nyavu wamechoka. Bila namba mpya, watashika zile za zamani.

"Nipe mpaka saa nane," Cresensia alisema.

"Siwezi kukuagiza kazi tena, Cresensia."

"Sijasema uniagize."

Ilikuwa saa tano. Upande uliofungwa ulikuwa na picha tisini na sita. Kubadilisha majina tu kusingetosha, maana mengine aliyoyaita mafu yalikuwa mafu kweli, vipande vilivyovunjika vikalala mchangani. Ilibidi akitazame kila kitone upya. Safari hii alifungua picha za mfano, akaziweka kando ya kioo, akaanza. Saa sita na nusu, akiwa picha ya arobaini na nane, umeme ukakatika, na betri ya kompyuta ile, kila aliyewahi kuiazima anajua, ni jina tu.

Alikimbia nayo kifuani mpaka kwa Aloyce, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye jenereta. Aloyce alikuwa katikati ya geti la mtu. Akamtazama, akataka kutania kuhusu samaki wake, akauona uso, akaacha. Alichomoa mashine yake ya kuchomelea akamwachia umeme wote. Cresensia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, moshi wa jenereta ukimwingia machoni, akatazama kitone, akaandika, akatazama kingine.

Alituma saa nane kasoro dakika nne. Yaliyokufa kumi na tano kati ya mia. Yaliyopauka hamsini na nane.

Saa nane na nusu simu iliita. Dokta Eva alisema mkutano umechafuka, hakuna anayeamini namba yoyote, wanataka kumsikia aliyehesabu mwenyewe. Akaweka sauti kubwa. Cresensia alisikia upepo na minong'ono ya watu wengi, kisha sauti nzito ya mwanamume, mmoja wa wenye nyavu.

Aliuliza inakuwaje kwanza sitini na moja, kisha kumi na tano. Cresensia akaeleza habari ya miguu ya Rhotia na mafuta, akijua anajiaibisha mbele ya watu asiowaona. Baadhi walicheka. Mwanamume yule hakucheka. Akasema hadithi ni nzuri, lakini watajuaje kwamba Dokta hakumwambia abadilishe, ili aendelee kuwafungia bahari yao.

Cresensia aliisogeza ndoo mbali na jenereta, asikie vizuri.

"Nikuulize, binti," sauti ile ikasema. "Ukikosea namna hii, wakubwa wako wanakufanya nini?"

"Wameshaniondoa kazini."

"Lini?"

"Leo, saa tano."

"Na hii hesabu ya pili umeianza saa ngapi?"

"Baada ya hapo."

Minong'ono ilikatika.

"Basi mimi nachukua hii ya pili," mwenye nyavu alisema, na sasa hakuwa akisema naye. "Pabaki pamefungwa."

Mtu mwingine akaitikia, na mwingine, kisha zikawa sauti nyingi pamoja. Cresensia aliishika simu kwa mikono miwili, akalia pale pale juu ya ndoo, bila kujali wateja waliosimama wakimtazama.