Mkazo Unapohama

Enzi za Mwingereza, mwalimu wetu wa Kiingereza katika shule ya wasichana ya Tabora alikuwa mwanamke wa kijiji cha Lusu, mtoto wa wakulima waumini wa Kanisa la Moravian. Sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Mwaka mmoja alinichagua nisome mbele ya wageni, na katika habari niliyopewa palikuwa na neno lililonitisha: "responsibility". Tulipofanya mazoezi darasani nililisoma kwa mkazo wa kwetu, nikaikazia silabi ya pili kutoka mwisho: responsibi-LI-ti. Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Umeweka mkazo pale Kiswahili kinapouweka," akasema. "Hebu njoo."

Akaandika ubaoni: piga, pigana, piganisha. Nikayasema polepole. PI-ga. Pi-GA-na. Piga-NI-sha.

"Umeona? Ukiongeza kipande, mkazo unahama. Umekuwa ukiuhamisha tangu utotoni, wala hakuna aliyekufundisha. Kiingereza nacho huuhamisha, ila kwa taratibu zake."

Akaandika "responsible", akapiga mstari chini ya "spon". Kisha akafuta mwisho wake, akaweka "bility", na mstari akauhamishia chini ya "bi". Nikalisema tena, sawasawa.

Siku ya wageni nikalipita neno lile salama. Mistari miwili mbele nikakutana na jingine ambalo hatukuwa tumelisoma: "unsatisfactory". Nikakwama. Nikamtazama mwalimu, hakuninong'oneza, hakutikisa hata kichwa. Alikaa tu, mikono mapajani, uso umetulia kabisa. Basi nikalikata vipande mwenyewe. "Un" nilikijua, kinakanusha. "Satisfaction" nilikuwa nimelisikia kinywani mwake, na mkazo wake uko kwenye "fa". Nikauweka hapo hapo. Mama mmoja wa Kizungu akaitikia kwa kichwa, nami nikaendelea kusoma.

Wageni walipoondoka nikamfuata.

"Mwalimu, mbona hukunisaidia?"

"Nilikuona unalikata. Ningekukatiza."

"Na kama ningekosea?"

"Ungekosea, binti yangu, na kesho tungelirudia."

Baadaye nami nilifundisha, miaka mingi, huko Igalula. Mtoto akikwama kwenye neno refu, nilijitahidi kumngoja. Mara nyingi nilishindwa, mdomo wangu ukatangulia. Mpaka leo sijui mwalimu wangu yule alikuwa akiutoa wapi utulivu ule.