Mshono Mwekundu kwenye Pindo la Gauni

Nilipanda treni Voi, nikabadilisha Nairobi, na kutoka hapo safari ikawa ya kupanda na kushuka: Nakuru kwenye baridi, Timboroa kwenye ukungu, halafu Eldoret, kisha nchi ikaanza kuteremka na joto likarudi. Nilishuka Malaba nikiwa na masizi masikioni na sanduku la mbao mkononi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajaribu kazi ya shamba la mkonge, nikaichoka mapema. Hata leo, nikiwa na miaka arobaini na ushei, sijui kukaa mahali. Binamu yangu aliyefanya kazi reli alikuwa ameniambia kwamba kuna hospitali ndogo upande wa barabara ya Busia inayotafuta mtu wa kutunza mavazi ya chumba cha upasuaji.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista msimamizi wa thieta, mama mrefu aliyesomea kazi yake Uganda na ambaye hakuwahi kuinua sauti. Kabla hajaniuliza jina alichukua gauni la kijani kutoka kwenye rafu, akalinyoosha mbele ya dirisha.

"Unaona nini?"

"Naona gauni, Sista."

"Mimi naona mti wa nje na mbuzi chini yake. Kama mimi nimemwona mbuzi, vijidudu wameona mlango. Peleka hii wodini, huku imemaliza kazi."

Hilo likawa somo langu la kwanza. Gauni la thieta hukinga pande mbili: jasho na ngozi ya daktari visifike kwenye kidonda, na damu ya mgonjwa isimfikie daktari. Kitambaa kikilegea, kinga hiyo imekwisha hata kama nguo inapendeza. Vijana wanaofanya kazi hizi siku hizi hupokea mavazi yakiwa tayari kwenye mfuko. Sisi tuliyatengeneza upya kila yalipotumika.

Kazi ya dobi, chumba chetu cha kufulia, ilikwenda hivi. Gauni lenye damu liliwekwa kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu maji moto hupika damu ikashika milele. Kisha lilichemshwa kwa sabuni, likasuuzwa mpaka maji yatoke safi, likaanikwa nyuma ya jengo, mbali na vumbi la malori ya mpakani. Baada ya pasi lilikaguliwa dirishani. Lililofaulu lilikunjwa ndani-nje, ili daktari anapolivaa mikono yake iguse upande wa ndani tu, likapangwa katika kopo la chuma lenye matundu na kuingizwa kwenye mtungi wa mvuke, ambao ulikuwa kama sufuria kubwa yenye mfuniko wa kukaza kwa skrubu. Likitoka likiwa na unyevu, tulirudia, maana unyevu hubeba uchafu kutoka nje mpaka ndani.

Bingwa wa pasi alikuwa Mama Amoit, Mteso wa kutoka upande wa Kocholia, mjane mwenye mikono kama ya seremala. Kwa amri ya Sista, kila gauni lilipofuliwa yeye alitia mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye pindo. Mishono ikizunguka pindo lote, gauni linastaafu thieta. Linakwenda wodini, kutoka wodini linakuwa shuka la mtoto, na mwisho kitambaa cha kupangusia. Hakuna kilichotupwa. Mama Amoit aliweza kukuonyesha tambara la kudekia na kukwambia lilikuwa gauni la nani.

"Mtaita," aliniita hivyo siku zote, "kwenu mnatupa nguo?"

"Hatutupi, Mama."

"Basi kaa. Utatufaa."

Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Miaka kadhaa baadaye, treni ilileta makasha kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Ndani mlikuwa na magauni ya karatasi ngumu iliyo kama kitambaa, ya kuvaliwa mara moja na kuchomwa. Daktari Mkuu, mtu mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliyafurahia kama mtoto. Alimwaga maji juu ya gauni moja, maji yakasimama kama kwenye jani la mgomba. Alilipangusa kwa kitambaa cheusi akatuonyesha: hakuna vumbi la pamba. Pamba ya magauni yetu ilikuwa ikinyonyoka, na unyuzi mmoja ndani ya kidonda ni balaa.

Alituita sote uani. "Tutayajaribu mpaka makasha yakaribie kwisha," alisema. "Yakitushinda tutarudi kwenye nguo. Yakitufaa, wafadhili wataleta mengine, na moto wa dobi tutauzima."

Kuuzima maana yake ilijulikana. Mama Amoit na wenzake wawili wangerudi nyumbani, nami pamoja nao. Mimi ningepanda treni tu. Yeye alikuwa akisomesha watoto kwa pasi ile.

Aliinua mkono. "Daktari, hii ukivaa unatupa?"

"Naitupa, Mama."

"Hata kama haijachafuka?"

"Hata kama haijachafuka."

"Na mke wako anajua hiyo tabia?"

Uani tulicheka mpaka Sista naye akageuka ukutani. Daktari alicheka kuliko wote. Lakini nilimwona Mama Amoit akirudi kwenye pasi yake bila kicheko.

Majuma yakapita. Nasema kweli, karatasi ilifanya kazi vizuri. Ilikuwa nyepesi, na damu haikupenya. Dobi likapoa. Tulifua shuka za wodi tu, na mchana Mama Amoit alikaa mlangoni akisuka mikeka.

Kisha, asubuhi moja, mgonjwa akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, Sista alifungua kopo tulimopanga magauni ya karatasi, akaanza kumvalisha Daktari, akasimama ghafla.

"Vua, Daktari."

Alilipeleka gauni dirishani. Katikati ya kifua, kutoka juu hadi chini, palikuwa na mstari ulionyooka kama rula. Magauni ya kiwandani yalikuja na mikunjo laini ya kasha. Huo ulikuwa mkunjo wa pasi.

Walitoa magauni ya nguo kutoka kopo la akiba, upasuaji ukafanyika, mgonjwa akapona salama. Adhuhuri tuliitwa. Hapakuwa na haja ya kuuliza mara mbili.

"Nimepiga mimi," alisema Mama Amoit. "Ile ya mtu wa kusimama tu pembeni, haina hata doa. Pasi ya vuguvugu, na kitambaa juu. Nimeirudisha kwa kopo. Iko na makosa gani?"

"Ungeweza kumuua mtu, Mama," Sista alisema taratibu. "Karatasi ikishavaliwa imelegea. Hatuna namna ya kujua inapitisha nini."

Mama Amoit akakaa chini kwenye sakafu. Nilijua, naye alijua, kwamba kwa kosa dogo kuliko hilo watu walikuwa wamefukuzwa. Daktari alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Jumamosi nilikuwa soko la Malaba," alisema hatimaye. "Nimemkuta muuza samaki amevaa gauni langu la karatasi. Kamba amefunga nyuma vizuri kabisa, kuliko mimi. Watu wanalipitia shimo letu la kuchomea taka kabla ya moto kuwashwa. Sista, miaka yote tumewafundisha hawa wasitupe kitu. Halafu mimi nimeleta kitu cha kutupa, na hata shimo sikulifunga. Nimfukuze nani?"

Hakumfukuza mtu. Uamuzi alioutoa siku hiyo ndio niliofanya nao kazi mpaka mwisho. Kwa kazi za kila siku tungevaa magauni ya nguo, lakini fundi wa Busia ashone magauni mapya ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kifua na mikono iwe ya tabaka mbili, na pindo liwe fupi ili mishono ijae mapema. Karatasi ingevaliwa kwa upasuaji wa vidonda vilivyooza tu, ambavyo uchafu wake hatukutaka ufike dobini. Na kila gauni la karatasi, likivuliwa tu, lipasuliwe katikati kabla ya kwenda motoni.

"Nani atapasua?" Sista aliuliza.

"Mama Amoit," alisema Daktari. "Akipasua mwingine, yeye ataona ameonewa."

Mara ya kwanza alipasua uso ukiwa umekunjwa kama anayenywa dawa. "Mali nzima," alinong'ona. Lakini alipasua, na moto wa dobi ukawashwa tena.

Watu huniuliza lipi ni bora, la kutupa au la kufua. Mimi hujibu kwa kuuliza maswali: maji yenu yakoje, moto wenu uko wapi, na anayekaa karibu na shimo lenu ni nani?

Niliondoka asubuhi ya mvua nyepesi, miguu ikiniwasha kwa hamu ya safari, kama kawaida yangu. Sista alinipa mkono. Mama Amoit alinisindikiza stesheni Malaba akiwa na furushi la viazi vitamu na kuku, limefungwa kwa gauni la kijani lililostaafu.

"Usitupe hii," alisema.

"Sitatupa, Mama."

Treni ilipoiacha Malaba nililifungua furushi ili nile. Pindo lilikuwa limejaa uzi mwekundu uliofifia, mzunguko mzima. Gauni lilinukia sabuni. Na pale ambapo hapakuwa na nafasi tena, juu kidogo ya pindo, palikuwa na mshono mmoja mpya, mwekundu sana, wa asubuhi ile.