Betri iliisha tukielekea Mulago

Leo nimemkosa mdogo wangu Furaha kwa sababu ya betri.

Alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago. Asubuhi nesi akanipigia: "Mama, njoo haraka, anakuita."

Mwanangu Baraka akasema atanipeleka na pikipiki yake mpya ya umeme. Anavyoipenda hiyo pikipiki, jamani!

Ikazimika hapo Katwe.

Mwenye boda ya petroli akaweka mguu nyuma ya pikipiki yetu, akatusukuma mpaka kituo cha kubadilisha betri. Huku anaicheka betri yetu: "Ssebo, bwana, redio yako imeisha mawe!"

Kituoni betri zote bado zinachaji. Umeme ulikuwa umekatika usiku, ndiyo kwanza umerudi.

Baraka akanishika mkono. "Mama, siku hizi kuna chaji ya haraka, unamaliza chai nayo imejaa. Nyingine haina hata waya, unaegesha juu yake tu."

"Iko wapi, baba?"

"Huku kwetu bado."

Yule wa petroli akaita, "Mama, panda kwangu nikufikishe!"

Nikamtazama mwanangu. Macho chini. Madereva wenzake wote pale kituoni wanamwangalia.

Nikasema, "Asante, namngoja mtoto wangu."

Ndiyo, nilikataa. Sikutaka aaibike.

Tukangoja mpaka betri moja ikajaa. Tulipofika wodini, Furaha alikuwa ameshafunikwa shuka mpaka usoni. Bambi, maskini mdogo wangu.

Sasa Baraka amekaa nje, chakula hataki. Ananiuliza jambo moja tu: "Mama, kwa nini hukupanda ile ya petroli?"

Nyinyi wenye watoto wakubwa, nimjibu nini?