Samaki wa Arbab na Harusi ya Dada Yangu

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilionyesha kwamba najua. Mtu akiajiriwa ughaibuni kulinda geti, aonyeshe anajua kulinda geti, basi. Mimi niliongeza.

Kampuni ilinitoa kwenye mabweni ya Al Quoz ikanipeleka kulinda shamba moja huko Hatta, milimani. Shamba lilikuwa na mitende, mbuzi, na bwawa la kumwagilia lenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Nilikaa kibandani kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku nikitazama mawe. Ukitaka kujua mawe yana rangi ngapi, niulize mimi.

Mwenye shamba, arbab, alisoma Uingereza ujanani akarudi na mapenzi ya kuvua samaki waitwao chabu. Wale wenyewe hawaliwezi joto la huku, kwa hiyo alitafuta jamaa zao wanaolivumilia: wanene, kichwa butu, mdomo mweupe, magamba makubwa kama kucha ya dole gumba. Akawatia bwawani, na tangu siku hiyo hakumwona hata mmoja. Kila Jumamosi alisimama ukingoni na kanzu yake nyeupe, akirusha ndoana na kuivuta, kisha akarudi mjini mikono mitupu. Nami nimekulia kando ya bwawa la Masinga. Samaki wa aina ile humwona mtu kabla mtu hajamwona, na kanzu nyeupe ukingoni ni sawa na kuwapigia kengele. Nilimtazama moyo ukiniwasha.

Jumamosi moja ya Agosti nilishindwa kujizuia. Nilimfuata nikamwambia kwa Kiingereza changu, samaki wako pale, sir. Mitende miwili ilikuwa imeinamia maji, na tende zilizoiva zilikuwa zinadondoka. Kila moja ilipogusa maji, duara dogo lilitokea na tende haikuonekana tena. Kwetu walikaa hivyo hivyo chini ya mkuyu. Nilimketisha arbab nyuma ya majani, nikamkataza kuongea, nikamkataza hata kukohoa. Kisha nikatunga nusu ya tende kwenye ndoana, bila boya wala kizito, nikaiacha idondoke kama zile nyingine. Mshipi ulikwenda mbio. Arbab aliopoa samaki wa kilo mbili, akacheka hadi machozi, akampiga picha na kumrudisha majini.

Nilidhani nimejifungulia mlango. Dada yangu, mdogo wangu wa pekee, alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa Desemba. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo wa kumshika mkono hadi madhabahuni na kumkabidhi kwa mumewe ni mimi. Nilimwahidi akiwa bado shule ya msingi. Likizo yangu nayo ilikuwa imefika. Nilikwenda kwa msimamizi wa shamba, Mzanzibari wa makamo aliyefungia pasipoti zetu kabatini kwake na aliyepeleka maombi yetu yote kwa arbab.

"Mzee, ile livu yangu ya Desemba umemwambia arbab?"

"Nishamwambia, bwana. Anajua. Inshallah."

Oktoba nikauliza tena. Alinijibu kwamba arbab ana wageni wanaotaka kufundishwa kuvua, na nani mwengine anawajua samaki wale? Novemba akanikata kabisa.

"Khalas, bwana we. Arbab kakataa. Utakwenda Machi."

Nilimchukia arbab, sitaficha. Kumruka msimamizi na kulalamika kwa mkubwa niliogopa, maana niliona waliojaribu wakirudishwa mabwenini bila kazi. Kwa hiyo kila Jumamosi nilichutama kando ya mtu niliyemchukia, kimya, nikimtafutia samaki. Tende zilipokwisha na baridi ikaingia, samaki walihamia kwenye bomba la kisima, maji yanapoingia yakiwa na uvuguvugu. Niliwaona siku ile ile. Kuna wiki niliamua kudanganya, nikamwambia leo hawapo, sir. Hapo hapo dume moja likageuza tumbo juu ya maji mbele yetu, kana kwamba limetumwa na msimamizi.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi, adhuhuri kwa saa za huku. Binamu yangu alishika simu kanisani, nami yangu niliilaza kwenye majani, sauti chini kabisa. Arbab alikuwa kando yangu. Ganda la mkate kwenye ndoana yake lilielea kwenye mkondo wa bomba, na samaki mkubwa alikuwa anapanda kulinusa. Kwaya ikanyamaza. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe.

"Mimi, kaka yake," nikanong'ona.

"Hatukusikii," binamu akasema. "Ongeza sauti, kanisa lote linangoja."

Nilisimama wima ukingoni.

"Mimi, kaka yake. Mimi ndiye ninayemtoa."

Maji yalipasuka, samaki wote wakakimbilia kilindini. Kanisani vigelegele vililia. Nilijua kazi imekwisha, na kwa dakika ile sikujali hata kidogo.

Arbab aliweka fimbo yake ya kuvulia chini.

"Nani huyo?"

"Dada yangu, sir. Anaolewa."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Aliinama akatazama simu.

"Mbona hukuomba ruhusa?"

Nilimwambia niliomba mara tatu, kwa msimamizi. Alitikisa kichwa. Alisema hakuna aliyemtajia likizo yangu wala harusi yoyote, na Desemba angeweza kuvua peke yake au asivue.

"Si ungeniambia mwenyewe," akasema. "Tunakaa hapa kila Jumamosi."

Miezi minne nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nikimzuia yeye asifungue mdomo, nikaufunga na wangu. Nilitazama simu. Mjomba alikuwa anauweka mkono wa dada yangu katika mkono wa bwana harusi.