Ajenga vijiji vya wengine kwenye kompyuta, boma la kwao lilichukuliwa na maji

Saa mbili asubuhi, baridi ya Kitale ikiwa bado inauma vidole, Nabwile Wepukhulu anavuta kiti, anawasha kompyuta na kusubiri mlima utokee.

Unatokea kidogo kidogo. Kwanza mgongo wake, kisha mabonde, kisha barabara ya vumbi inayokatiza katikati. Mwishowe zinajitokeza nyumba, paa moja baada ya jingine. Kila kitu kimejengwa kwa vipande vya mchemraba, mithili ya matofali ya kuchezea watoto.

"Huyu mteja ni wa Myanga lakini anaishi ng'ambo," anasema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Ameniambia anataka watoto wake wacheze mahali yeye alichezea."

Hiyo ndiyo kazi ya Nabwile, mwenye umri wa miaka 31. Anachukua vipimo vya miinuko vilivyopigwa na setilaiti, anaviunganisha na ramani za bure za mtandaoni, na programu inamgeuzia sehemu halisi ya dunia kuwa ulimwengu wa mchezo wa kompyuta. Mchezaji anaweza kutembea humo, kuchimba na kujenga.

Anafanyia kazi hiyo kwenye kona ya nyuma ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, ya Wangui Gathii, mahali alipoajiriwa awali kuchapa na kutoa nakala.

"Mimi sikuelewa," Wangui anasema akicheka. "Niliona tu msichana anachora milima. Nikamwambia, kaa huko nyuma, bora watu wa kuprinti wasingoje."

Kipato hakitabiriki. Kuna mwezi kazi za ulimwengu huo zinamlipia kodi ya chumba na kubaki, na kuna mwezi anarudi kuchapa barua za watu mchana kutwa.

Mashine ikishamaliza sehemu yake, Nabwile hushika simu. Ramani huwa haina choo cha shule wala njia ya mkato ya kwenda kisimani. Humpigia mteja, shangazi wa mteja, hata jirani wa shangazi.

"Nauliza, mlango ulikuwa unaangalia wapi? Ng'ombe walikuwa wanalala upande gani? Mtu anaanza kunieleza, halafu ananyamaza. Hapo mimi nangoja tu."

Anangoja kwa sababu anaujua ukimya huo.

Kwao ni upande wa Lwakhakha, kwenye mteremko unaotazama Uganda. Baba yake, mzee Levi Wepukhulu, alikuwa na kahawa, migomba na nyumba ya mabati karibu na kijito. Mama yake, Rispah, alifariki na kuzikwa nyuma ya jikoni.

Miaka miwili baada ya mazishi, mvua ilinyesha juu mlimani siku tatu bila kukatika. Kijito kikaacha njia yake ya zamani na kufungua nyingine, katikati ya boma. Mzee Levi alikuwa sokoni akiuza vitunguu. Aliporudi alikuta maji mekundu yakipita palipokuwa na jiko, nyumba na kaburi.

"Alisimama hapo mpaka majirani wakamshika mkono," Nabwile anasema. Yeye alikuwa Kitale siku hiyo. Kakake, Wangila, alimpigia simu, akashindwa kuimaliza habari.

Mzee alihamia Bungoma mjini kwa Wangila. Halimi shamba tena. Amepanda sukuma wiki kwenye magunia mlangoni, na kila asubuhi huyamwagilia kwa kikombe.

Nabwile alipojifunza kazi hii, kijiji cha kwanza alichojaribu kukijenga kilikuwa chao. Mlima ulitokea, barabara ikatokea, na kijito kikatokea kikipita mahali alipozaliwa.

"Kompyuta haikukosea. Setilaiti ilipiga picha baada ya mafuriko, ikaonyesha vile kuko. Hapo ndipo nililia."

Alifunga faili hilo. Kwa muda mrefu akawa anawajengea watu wengine tu.

Mwaka jana alilifungua tena. Safari hii aliyasukuma maji kwa mkono wake, kipande kwa kipande, hadi yakarudi kwenye mkondo wa zamani. Akaisimamisha nyumba. Akaweka jiko na moshi wake, kahawa safu kwa safu, na nyuma yake kaburi lenye msalaba mweupe. Kisha akaibeba kompyuta hadi Bungoma.

Wangila akamwonyesha baba yao vitufe vya kutembelea. Mzee akaingia langoni polepole. Alipofika jikoni akasimama.

"Hapa ndipo alikuwa anakaa akichambua mboga," akasema.

Akazunguka nyuma. Akasimama mbele ya msalaba kwa muda mrefu, kidole kikiwa kimeacha kitufe.

"Sasa hii maji iko wapi?"

"Nimeitoa, Papa."

"Irudishe."

Nabwile alidhani hajamwelewa. Akaanza kumweleza kwamba ni mchezo tu, kwamba kila kitu kinaweza kuwekwa vile mtu anataka.

"Nimeelewa, Nabwile. Irudishe mahali iko. Mama yako yuko chini ya hiyo maji. Ukiitoa, unaniambia yuko mahali hayuko."

Akairudisha. Nyumba ikaondoka, jiko likaondoka, msalaba ukaondoka. Nabwile anasema aliona aibu, kana kwamba amemletea baba yake zawadi ya kumuumiza.

Kisha mzee akavishika tena vitufe mwenyewe. Akapanda mteremko, akapita migomba, akafika juu walikokuwa wakifunga ndama.

"Na hapa? Hapa si bado ni petu?"

"Ni petu."

"Nikikaa hapa, nitaiona maji?"

Nabwile akageuza mtazamo. Chini, kati ya miti, kijito kilionekana chote.

Mzee Levi akavuta kiti karibu. Chai yake ikapoa akiwa bado anatazama.

"Miaka yote hiyo nilidhani anatamani nyumba," Nabwile anasema sasa, akifuta skrini kwa ncha ya leso. "Kumbe nyumba ni mimi nilikuwa naitamani. Yeye alitaka tu kuwa karibu na mama."

Desemba, mvua zikipungua, watakwenda Lwakhakha wote watatu na futi ya kupimia, kutafuta mahali pa nyumba mpya. Vipimo vya setilaiti havimtoshi kujengea nyumba ya kweli, kwa sababu kipimo kimoja hufunika eneo la ukubwa wa uwanja mzima wa boma. Atawauliza majirani maji yalifika wapi, apige alama, kisha wajenge juu zaidi. Vyumba viwili na jiko, basi.

Kwenye kompyuta nyumba hiyo tayari imesimama. Mzee hupiga simu karibu kila jioni akitaka kitu kibadilishwe. Juzi lilikuwa dirisha. Jana alitaka mlango uangalie chini, upande wa kijito, na nje yake benchi.

"Nikamuuliza, benchi ya mtu mmoja?" Nabwile anasema. "Akaniambia hapana, weka ya watu wawili."