Swali la Mama

Wataalamu wa kisukari walitujia Bagamoyo wakiwa wamevaa viatu vya kupanda milima. Mpaka leo sijui waliambiwa wanakwenda wapi. Sisi wanawake tulivua vyetu mlangoni, tukaketi juu ya majamvi, miguu tumeinyoosha mbele na kanga tumejifunika hadi kwenye vidole, kama tulivyolelewa. Wao walikaa juu ya viti, meza ndefu mbele yao, chupa za soda zimepangwa juu ya meza. Semina ya kisukari, na soda juu ya meza.

Nilikwenda kwa ajili ya mama. Alikuwa na kisukari mwaka wa sita, na mimi, mtoto wake wa mwisho, nilikuwa nimetoka Mapinga asubuhi ile kumpeleka. Alivaa baibui yake mpya. Aliniambia kwamba leo atapata wa kumuuliza.

Msemaji alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zake. Alisimama mbele ya wazee wa watu akasema, "Mambo vipi, akina mama?" Mama aliniinamia akaninong'oneza, "Huyu hakufunzwa na mama yake, atatufunza nini sisi?"

Akawasha projekta. Ukutani ikatokea sahani yenye brokoli, tufaha na kipande cha samaki wa rangi ya waridi ambaye sisi, tuliozaliwa na kukulia pwani, hatujawahi kumwona. Ikafuata picha ya mzungu akikimbia juu ya mashine. Kijana akasema tupunguze wanga na tuhesabu kalori. Kuhusu wali wa nazi hakusema kitu. Kaimati je? Tende za kufuturia? Mgonjwa wa sindano afunge Ramadhani au asifunge? Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitukaa rohoni, naye alikuwa anatufundisha tufaha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni huyu alikuja kujiponya kwa posho yake.

Mama akainua mkono.

"Mwanangu, samahani. Mimi miguu yangu usiku inawaka moto, asubuhi haina habari. Nikikanyaga chini sijui kama ni sakafu au godoro. Hiyo nayo ni sukari?"

"Bibi, maswali mwishoni," alisema kijana, akabonyeza picha nyingine.

Mwishoni zikaja soda na maandazi, tukapangwa kupigwa picha, tukapewa fulana zenye maandishi ya kujali afya. Maswali hayakuja. Gari lao lilikuwa na haraka ya kurudi Dar kabla ya foleni. Mama aliikunja fulana vizuri akaitia kwenye mkoba, soda akaninywesha mimi. "Basi labda si sukari," alisema tulipokuwa tunatafuta viatu vyetu. "Ingekuwa sukari, angenijibu."

Na mimi je? Nilikuwa ubavuni pake muda wote, nikihesabu makosa ya yule kijana na kucheka chini ya mtandio. Lile swali nililisikia kama alivyolisikia yeye. Nikalichukulia kuwa ni uzee.

Haikupita muda tukawa na harusi ya mpwa wangu. Mama alikuwa uani, ndiye msimamizi wa pilau, maana hakuna sufuria la harusi katika ukoo wetu lililopikwa bila yeye. Kaa la moto likadondoka kutoka jikoni, akalikanyaga peku, akaendelea kukoroga. Shangazi ndiye aliyesikia harufu akauliza nani anachoma ngozi. Mama alitazama chini, akalisukuma kaa kando, akacheka. Hakusikia maumivu hata kidogo, na kisichouma kwetu si kidonda. Jioni akakipaka kile kidonda hina, kama anavyopaka magaga ya visigino siku zote, ili kikauke. Shughuli yote alitembea na nyayo nyeusi, nzuri, na wenziwe wakamsifia.

Chini ya hina ile kidonda kilikuwa kinakula. Mimi nilikijua kwa harufu, wiki ya tatu, nilipokuja kumfulia. Nilimfunua kanga, na alinikasirikia kwa kumfunua kabla hajanikasirikia kwa kulia. Hospitali walimkata chini ya goti.

Wakaja majirani kumpa pole, kila mmoja na methali yake mdomoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema, wakinywa chai yetu kwa vijiko vitatu vya sukari. Nilitamani kuwatoa nje. Mama hakuficha kitu. Aliuliza, mbele ya ukumbi mzima, kwa sauti ya kusikika, na mimi nilikuwepo.

Mwaka uliofuata wataalamu walirudi. Nilimwambia mama abaki nyumbani, akaniambia nimletee baibui. Tulimketisha kwenye jamvi, mstari wa mbele, akatandaza kanga yake kama kawaida. Kijana alikuwa yuleyule. Safari hii alisema shikamoo, sharti nimpe haki yake. Kisha akawasha projekta, na sahani ikawa ileile, na tufaha lilelile.

Mama akainua mkono.

"Bibi, maswali mwi..."

"Langu ni la mwaka jana, mwanangu," alisema mama, akaivuta kanga.

Mguu mmoja ulifika ukingoni mwa jamvi. Mwingine haukufika. Mashine ya picha ikaendelea kunguruma peke yake. Kijana alitazama, akageuka kutafuta maji ya kunywa. Mezani palikuwa na soda tu.