Mama Alivyouona Uwanja wa Taifa

Mama yangu aliupenda mpira kwa masikio miaka mingi kabla hajauona kwa macho. Baba alinunua redio msimu mmoja ambao pamba ilikubali, na alipofariki redio ikabaki ya mama. Aliishi kijijini, mbele kidogo ya Ibadakuli, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, salamu na bei tu. Lakini mechi ikitangazwa, aliiweka redio juu ya kigoda uani, akaketi mbele yake na kutulia kama yuko kanisani. Mtangazaji alikuwa na kawaida ya kusema mpira unakwenda kushoto kwa redio yako, au kulia kwa redio yako, na mama aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kushoto kwa kigoda, kwenye zizi la ndama, lilikuwa goli moja. Kulia, mlangoni mwa jiko, lilikuwa goli la pili. Mpira ukiendelea hakuruhusu mtu kukatiza katikati.

Wakati huo mimi nilikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Shinyanga, na wafanyakazi tulipewa pasi ya kusafiri na ndugu mmoja. Niliposikia kwamba timu ya taifa itacheza na wageni kutoka nchi jirani, nilimwambia mama twende Dar es Salaam. Nilidhani ataniuliza habari za bahari. Aliniuliza kama tutakaa karibu na goli la kwenye zizi.

Tulifikia kwa binamu yangu, mtaa wa jirani na uwanja, siku mbili kabla ya mechi. Mama hakutaka kungoja. Asubuhi iliyofuata tulitembea hadi uwanjani, tukakuta geti limefungwa na mzee mmoja mwenye kofia ya viua akifagia kwa ndani. Ndiye aliyekuwa mtunzaji. Alitwambia leo hakuna mchezo. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba tumetoka Shinyanga kwa treni na kwamba mama amekuwa akiusikia uwanja huu redioni tu. Mzee aliuegemeza ufagio ukutani, akafungua.

Mama alisimama ukingoni mwa majani. Ilikuwa kiangazi. Kwetu ardhi ilikuwa imebaki vumbi na ng'ombe wamepelekwa mbali kutafuta malisho, na hapa mbele yake palikuwa na kijani kitupu. Aliinama, akang'oa jani moja, akalitafuna taratibu.

"Malisho yote haya," aliniambia kwa Kisukuma, "na hakuna hata ndama mmoja."

Nilipomtafsiria mzee alicheka, akasema mbuzi wa majirani wamejaribu mara nyingi.

Kisha alituingiza katika chumba kilichokuwa chini ya jukwaa kuu, ambacho yeye alikiita chumba cha kumbukumbu. Palikuwa na kabati la vikombe, picha za timu za zamani, jezi zilizopauka, na mpira wa ngozi ulioshonwa kwa mkono, mweusi kwa umri. Mama alivipita vikombe bila kusimama. Aliuomba mpira. Mzee alisita, akautoa. Mama akaupima uzito mikononi, akaunusa, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kumbe ni ng'ombe," alisema.

Akataka nimuulize mzee kama unauma ukiupiga kwa kichwa. Mzee, ambaye alikuwa amecheza ujanani, alisema unauma sana, hasa ukiwa umeloa. Mama alimpa pole, akamrudishia mpira kwa mikono miwili.

Siku ya mechi tulikaa upande wa mzunguko, wa tiketi za bei nafuu, kwenye jua, tukilitazama jukwaa kuu ng'ambo ya uwanja. Timu ziliingia, watu wakasimama na kupiga makofi, mpira ukaanza. Baada ya muda nikaona mama hana raha. Nikamuuliza ana nini.

"Wanacheza, lakini hakuna anayesema," alinijibu. "Nitajuaje yupi ni yupi?"

Nilijaribu kumtajia wachezaji, lakini niliowajua walikuwa wachache. Safu ya mbele yetu alikuwepo bwana mmoja mwenye redio ndogo, maana wengi siku hizo walikuja uwanjani na redio zao. Nilimweleza shida ya mama. Alitukaribisha tushuke tukae naye, akaiweka redio kwenye zege, imemwelekea mama. Sauti ile ile ya uani kwetu ikatoka, na uso wa mama ukachangamka.

Haukupita muda akakunja uso tena. Mtangazaji alisema mpira umekwenda kushoto kwa redio, na macho yetu yalikuwa yanauona unakwenda kulia. Mama aliitazama redio, akautazama mpira.

"Huyu anadanganya," alisema.

Ikabidi nimweleze kwamba watangazaji wamekaa ng'ambo, jukwaa kuu, wakitutazama sisi, kwa hiyo kushoto kwao ni kulia kwetu. Yule bwana alitaka kujua tunazungumza nini. Nilipomwambia hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema:

"Basi tuigeuze, mama. Nayo itazame uwanja."

Akaigeuza, ubavu wake wa kushoto ukawa kulia kwetu, akaongeza sauti. Mama alisubiri mpira uende upande mmoja, kisha wa pili, akatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo hakuniuliza kitu. Timu yetu ilipofunga, kelele zilimeza sauti ya redio, na mama alikuwa ameushika mkono wa yule bwana kwa nguvu bila kujua. Walikaa hivyo hadi kipenga cha mwisho.

Tuliporudi kijijini, wanawake walikuja kumuuliza habari za mjini. Aliwajibu kwa kifupi, kwa adabu. Lakini Jumapili, baada ya ibada, alianza kwenda kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, ambako vijana walicheza na mpira wa matambara. Alisimama pembeni na kutangaza kwa Kisukuma, kwa sauti, nani anao na anaupeleka wapi. Mwanzoni waliona haya. Baadaye, akichelewa kanisani, walimngoja ndipo waanze.